Zabibu Zilizomwagwa Kamukuywa

PHELISTA: Haloo? Nani huyo mwenzangu?

JERONO: Ni mimi.

PHELISTA: Mimi nani? Simu inakwaruza kama mtu anaparua samaki. Sema tena.

JERONO: Jerono. Jerono wa Kitale. Habari yako, Dada Phelista.

PHELISTA: Dada Phelista? Tangu lini? Si kwako mimi ni Mama Levi, huu mwaka wa kumi na nane?

JERONO: Ni heshima tu. Habari ya Kamukuywa?

PHELISTA: Hata mulembe leo hakuna. Kila siku unanianza na mulembe, salamu ya kwetu, ya kuvunjika, mimi nakurudishia chamgei ya kwenu ya kuvunjika, tunacheka ndio tuanze maneno ya kazi. Leo ni habari yako dada. Uko mgonjwa?

JERONO: Niko sawa. Niko kazini, hapa stoo. Nimepata nafasi kidogo nika—

PHELISTA: Binti yako Vivian amejifungua?

JERONO: Bado. Ni mwezi ujao. Phelista, nimepiga juu ya ile vidio.

PHELISTA: Aa. Sawa. Siku tatu nimekuwa nikingoja hii simu.

JERONO: Kitale nzima imeiona. Hata wale mama wa mboga wa Tuwan wananiuliza, si huyu ni yule rafiki yako anakanyaga zabibu na gambuti?

PHELISTA: Ndiye. Waambie ni mimi, na gambuti ni za bwana yangu Barasa.

JERONO: Sasa, Phelista, ungefikiria... kwa sababu unajua watu wakiwa na hasira huwa wana—

PHELISTA: Ngoja. Hiyo vidio inaanza katoni ikiwa tayari kwa mkono wangu. Kilichotangulia haionyeshi. Wewe utasikia kutoka mwanzo, kwa sababu mwanzo uko huko kwenu. Unakumbuka vidole vyangu?

JERONO: Vidole?

PHELISTA: Mwezi wa nne. Nilikupigia, nikakwambia Jerono, hizi zabibu mnaniletea, nikizipanga kwa meza vidole vinawasha mpaka ngozi inabanduka kama ya kitunguu. Ukanijibu nini?

JERONO: [anavuta pumzi] Nilisema ni baridi.

PHELISTA: Ulisema ni baridi ya gari la friji. Ati nipake ile mafuta ya kukamulia ng'ombe. Nikapaka. Nikaendelea kupanga. Halafu Sandra akaja kunisalimia, mtoto wa dada yangu, yule anafanya kazi ya maabara Eldoret, wale wa kupima maji na vyakula. Nikampa chai, akaona hizi vidole zikishika kikombe. Akaniuliza, mamkubwa, unashika nini kutwa? Nikamwambia zabibu za nje. Hakusema kitu. Akaenda kwa katoni yenye sijafungua, akatoa vishada vitatu, akaweka kwa mfuko safi. Ubavu wa katoni wenye stika akaukata na kisu, akaenda na hivyo vyote.

JERONO: Maabara pia huwa... [sauti inakatika] ...inaweza kukosea.

PHELISTA: Sijakupata.

JERONO: Nasema maabara inaweza kukosea. Ama labda ulichanganya na matunda ya mtu mwingine.

PHELISTA: Jerono, mimi zabibu za nje nauza za nani mwingine? Si ni zenu peke yake? Basi wacha nimalize. Sandra alinipigia Jumapili, tumetoka kanisani. Barasa amekaa kwa kiti chake, chai yake iko kwa stuli na mrija ndani, kama unavyojua, kwa sababu kikombe kikikaribia mdomo kinakuwa kimemwagika. Nikaweka Sandra kwa spika ili Barasa pia asikie. Sandra anasema, mamkubwa, kuna dawa tatu za wadudu kwa hizi zabibu. Mbili ziko juu kidogo. Ya tatu hii nakusomea, hii ilipigwa marufuku hapa kwetu, na kiasi chenye kiko kwa zabibu zako kinapita hata kile cha nchi ambazo bado zinairuhusu. Akaanza kusoma jina. Ni jina refu, la kukwama kwa meno. Alikuwa amefika katikati, Barasa akamalizia.

JERONO: Barasa?

PHELISTA: Barasa. Mtu ambaye siku hizi maneno matano kwa siku ni mengi. Alimalizia jina lote vizuri, hata Sandra akanyamaza. Akauliza, baba amejuaje? Amejuaje, na alikuwa anaisoma kwa mkebe kila asubuhi miaka kumi na moja. Shamba la watu, huko kwenu Trans-Nzoia. Bomba la dawa mgongoni, hakuna glavu, hakuna kitambaa kwa mdomo. Mkebe ukiisha anausuuza, anaweka maji ya kunywa. Siku ile daktari alimuuliza ulikuwa unapiga dawa gani, alitaja hilo hilo jina.

JERONO: Lakini daktari hakusema kwa uhakika kwamba ni—

PHELISTA: Alisema huenda. Nami nasema huenda. Mimi siongezi chumvi, Jerono. Lakini ilipopigwa marufuku tulisikia kwa redio tukiwa wawili. Barasa akasema sawa, angalau haitafika kwa mwingine. Ndio hayo maneno yake. Sasa imerudi kwa nyumba yake, imezunguka dunia, imekuja ikiwa imelala juu ya zabibu, na mimi bibi yake ndiye naiuza.

JERONO: [kwa sauti ya chini] Pole.

PHELISTA: Na naiuzia nani? Fikiria hiyo. Wateja wangu wakubwa ni wale wanaenda kuona wagonjwa hospitali ya Lugulu. Mtu ana mzee wake amelazwa, anasimama kwangu, mama, nipe kitu laini mgonjwa anaweza kumeza. Mwingine ana binti amejifungua jana. Mwingine ana mtoto mdogo. Na mimi mwenyewe nawaambia, chukueni hizi, hazina mbegu.

JERONO: Si wanaosha.

PHELISTA: Nilimuuliza Sandra hiyo. Akasema kuosha kunasaidia, lakini dawa ingine imeshaingia kwa ngozi ya tunda, maji haiitoi. Akasema haiangushi mtu siku hiyo hiyo. Inaingia kidogo kidogo, na kidogo cha mtu mzima kwa mtoto ni kingi, na mtoto mwenye bado yuko tumboni ndiye mbaya zaidi, kwa sababu ubongo wake ndio unajengwa. Basi siku ya soko nikafika mapema. Katoni sita. Nikazimwaga pale mbele ya kibanda, nikakanyaga mpaka zikawa uji, nikamwagia jivu juu ili mtoto asije akaokota. Halafu karatasi ya Sandra nikaibandika kwa nguzo. Ndio vidio yote hiyo. Sasa sema chenye umepigia.

JERONO: [anasafisha koo] Nilikuwa nataka kusema... wateja wameogopa. Na wafanyabiashara wenzako pia wameathirika. Kwa hivyo ingekuwa vyema urekodi vidio nyingine fupi, useme kwamba ulipatwa na hasira, na kwamba matunda yale hayakutoka kwa... kwa msambazaji anayetambulika.

PHELISTA: Msambazaji anayetambulika.

JERONO: Ndiyo.

PHELISTA: Jerono, hilo neno umelitoa wapi? Wewe husema wenye kuleta. Miaka yote husema wenye kuleta. Unasoma mahali?

JERONO: Hapana, ni—

[Mtu anakohoa kwa mbali.]

PHELISTA: Huyo ni nani?

JERONO: Ni... ni mtu wa kushusha mzigo.

PHELISTA: Mtu wa kushusha mzigo hakohoi akiwa amefunika mdomo. Umeniweka kwa spika.

[Mtandao unakwaruza.]

PHELISTA: Ndio sababu naitwa Dada Phelista. Basi. Bwana Jotham, habari ya mchana. Stoo ni yako, simu ni kama yako pia. Ongea.

JOTHAM: [anakaribia simu] Mama Levi. Mzuri sana. Samahani, sikutaka kuingilia mazungumzo ya wamama.

PHELISTA: Uliyaandika wewe. Unaingiliaje?

JOTHAM: Si hivyo. Nilijua Jerono unamsikiliza, nikaona aanze yeye. Mimi na wewe hatuna ubaya, bana. Nimekuletea mzigo mwaka wa sita huu, umewahi kuniona mtu mbaya?

PHELISTA: Sijasema mtu. Nimesema zabibu.

JOTHAM: Na zabibu sikupanda mimi. Hiyo dawa sikuipiga mimi. Nimenunua kwa mtu kama vile umenunua kwangu. Wewe ukilia, mimi nalia pia. Lakini sasa watu wa Kitale wote wamekataa mzigo wangu, niko na stoo imejaa, na niko na vijana tisa wanakula hapa. Unaona unaumiza nani?

PHELISTA: Naona. Hao vijana nawaonea huruma, kweli kabisa. Hata wao wanashika hizo katoni na mikono mitupu.

JOTHAM: Nikuulize swali moja basi, na unijibu na ukweli. Nani amekufa?

PHELISTA: Hakuna.

JOTHAM: Nani amelazwa kwa sababu ya zabibu?

PHELISTA: Sijui.

JOTHAM: Unaona?

PHELISTA: Naona nini? Barasa pia hakulazwa siku alipobeba bomba mara ya kwanza. Alikuja nyumbani akiimba. Akala ugali, akalala. Miaka kumi na moja alikuwa anakuja nyumbani mzima. Ungeniuliza wakati huo nani amelazwa, ningekujibu hivyo hivyo, hakuna. Sasa njoo umwone akijaribu kufunga kifungo cha shati.

JOTHAM: Ni yeye nilitaka tuongelee. Mama Levi, kuna daktari wa mishipa ya fahamu Eldoret, nimeongea naye. Anaweza kumwona Barasa wiki ijayo. Vipimo, dawa, kwenda na kurudi, hayo yote niachie mimi. Si kwa wiki moja. Mpaka apate nafuu. Wewe utoe tu hiyo karatasi kwa nguzo, urekodi dakika moja. Dakika moja pekee.

[Upande wa Kamukuywa kunasikika mtu akiita wanunuzi wa ndizi.]

JOTHAM: Mama Levi?

PHELISTA: Niko.

JOTHAM: Fikiria. Sikukimbizi.

PHELISTA: Hapo umepiga mahali panauma. Sikudanganyi. Huyo daktari nimekuwa nikimsikia mwaka wa tatu, na sijawahi kufika kwa mlango wake.

JOTHAM: Basi ni—

PHELISTA: Sijamaliza. Nikimpeleka Barasa huko, akiniuliza tumefikaje, nitamwambia tumefika kwa kunyamazia ile dawa? Ile ile? Hapana, Jotham. Mikono yake haitatibiwa na mdomo wangu kufungwa. Tutaendelea na mrija.

JOTHAM: Unakuwa mkaidi bure. Sawa. Mimi niko na wakili. Barua itafika kwako Jumatatu, na hiyo barua haitajali kama wewe ni mama wa kuuza ndizi ama nini.

PHELISTA: Ilete. Nitaibandika kando ya ile ya Sandra. Nguzo bado iko na nafasi.

JOTHAM: Unafanya mchezo.

PHELISTA: Sifanyi. Kesho saa nne maafisa wa afya wa kaunti wanakuja hapa sokoni, wameitisha wauzaji wote. Nitasimama niseme chenye nimekwambia. Siongezi, sipunguzi.

JOTHAM: Simama. Utawaonyesha nini? Ubavu wa katoni yako uko na stika inasema matunda yalikaguliwa, yakapita. Karatasi za mzigo wangu ziko safi mpaka bandarini. Watauliza, huyu mama ametoa wapi hizo zabibu, na ni nani atasema amezitoa kwangu zikiwa hivyo? Itakuwa neno lako peke yako. Mama mwenye hasira na gambuti.

[Mtandao unakwaruza.]

PHELISTA: Inawezekana. Basi wacha nimuulize Jerono kitu kimoja, halafu niwaache muendelee na kazi. Jerono, bado uko hapo?

JERONO: Niko.

PHELISTA: Vivian anakula zabibu? Mjamzito wa miezi minane, mama yake anafanya kazi kwa stoo ya zabibu, na zile zenye zimelainika mnajigawia bure. Mwaka jana ulikuwa unanitumia picha, nyumba yako yote inakula zabibu kama njugu. Nakuuliza tu. Vivian anakula?

JOTHAM: Jerono, hilo si swali la—

JERONO: Hapana.

PHELISTA: Hapendi?

JERONO: Anapenda. Nilimkataza.

PHELISTA: Lini?

JOTHAM: Jerono, kata hiyo simu.

JERONO: Mwezi wa tatu.

PHELISTA: Mwezi wa tatu. Kabla ya vidole vyangu.

JERONO: Ndiyo. Kabla.

JOTHAM: Lete hiyo simu.

JERONO: Simu ni yangu, Bwana Jotham. Kaa hapo. Mama Levi, sikia, na nikianza usinikatize, kwa sababu nikinyamaza sitaanza tena. Mwezi wa tatu zilikuja gari mbili za friji siku moja. Katoni zilikuwa na muhuri mwekundu kwa ubavu, na stika zenye sijawahi kuona. Dereva akaniambia huo mzigo ulikuwa umeenda nchi nyingine kwanza, ukapimwa huko, ukakataliwa kwa sababu ya dawa. Ndio ukageuzwa ukaletwa huku, bei ya kutupa. Tukaambiwa tubandue—

JOTHAM: Unajua unachokifanya? Unajua?

JERONO: Tukaambiwa tubandue stika za kwanza, na pale muhuri uko tubandike mpya juu yake. Siku mbili tulibandua. Mimi pia. Kwa mikono yangu. Yako ndiyo iliumia, lakini yangu ndiyo ilibandika.

JOTHAM: Huyo ni mfanyakazi ana kinyongo. Mama Levi, huyu nilikuwa karibu kumsimamisha, anakwambia hayo kwa sababu—

JERONO: Jana ulinisifu mbele ya watu. Funguo za stoo hizi hapa kwa meza. [sauti ya chuma] Hii ndogo ni ya chumba cha friji. Mkoba wangu nimechukua.

JOTHAM: Ukitoka kwa huo mlango, Jerono, hapa Kitale hakuna stoo itakuandika.

JERONO: Sawa.

[Mlango. Upepo unaingia kwa simu, pikipiki zinapita.]

JERONO: Nimetoka. Mama Levi, uko?

PHELISTA: Miezi minne.

JERONO: Najua.

PHELISTA: Hujui. Miezi minne umekuwa ukinitumia, kila Jumanne na Ijumaa. Unanipigia kuuliza imefika? Imefika salama? Nakuombea kwa Mungu, nasema rafiki yangu ananijali.

JERONO: Niliogopa. Bwana ya Vivian aliachishwa kazi, wote wako kwangu. Nikajiambia zabibu zinauzwa mara moja, hazikai kwako. Nikajiambia angalau wewe huli.

PHELISTA: Nilikula, Jerono. Na si mimi tu. Barasa. Anazipenda kuliko kila kitu, kwa sababu hazitaki kukatwa. Namwekea kwa sahani, anainama, anaokota na mdomo mwenyewe bila mtu kumlisha. Ndicho chakula cha pekee anakula bila mimi kumshika. Nilikuwa namwekea kila jioni. Nikiona amemaliza sahani nafurahi.

[Upepo. Jerono analia bila sauti. Pumzi tu zinasikika.]

PHELISTA: Usilie kwa barabara. Watu watadhani umeibiwa. Unaenda wapi?

JERONO: Tuwan. Nyumbani. Niko karibu kufika. [anapumua] Mama Levi, kuna kitu kingine. Si katoni zote tulizibandua. Nyingine zilibaki na muhuri wazi, tukahamisha zabibu, tukaambiwa tuzichome. Mimi nikabeba moja, nikasema ni katoni nzuri, ngumu, itafaa kwa nyumba. Iko kwa chumba cha Vivian. Ameweka nguo za mtoto ndani.

PHELISTA: Nguo za mtoto.

JERONO: Ndiyo.

PHELISTA: Ndani ya hiyo katoni.

JERONO: Nilikuwa naiona kila siku nikiingia. Nilikuwa napita nikiangalia upande mwingine. [hatua zinaharakisha, mbwa anabweka] Nimefika kwa mlango. Usikate.

PHELISTA: Sijakata.

JERONO: [mbali na simu] Vivian. Toa hizo nguo kwa katoni. Zote. Weka kitandani. Usiniulize, mama, toa tu. Halafu zitafuliwa upya. [anarudi] Niko nayo. Niko nayo kwa mkono.

PHELISTA: Soma. Nimeshika kalamu, naandika nyuma ya risiti hapa. Soma polepole.

JERONO: Muhuri ni mwekundu, wa mviringo. Sehemu ya kwanza ni lugha yenye siijui. Chini yake ni Kiingereza. Imekataliwa. Hairuhusiwi kuingia sokoni. Halafu kuna tarehe, ni mwezi wa pili, tarehe kumi na tisa. Halafu namba.

PHELISTA: Namba soma moja moja.

JERONO: Saba. Sifuri. Nne. Nne. [sauti inakatika] ...moja. Tisa.

PHELISTA: Baada ya nne mbili ni nini? Simu imemeza.

JERONO: Mbili. Halafu moja, halafu tisa.

PHELISTA: Saba sifuri nne nne mbili moja tisa. Na stika ya shamba yenye imetoka, iko?

JERONO: Iko, imeraruka kidogo lakini inasomeka. Jina la shamba, aina ya zabibu, yote.

PHELISTA: Piga picha pande zote nne. Tuma kwa Sandra wasapu sasa hivi, kabla hujakunywa hata maji. Namba yake uko nayo, alikutafutia ile dawa ya macho. Mwambie abandue stika ya ule ubavu alikata, alinganishe na muhuri ulio chini yake. Picha ikishafika kwake, hata hiyo katoni ikichomwa leo, haijachomwa.

JERONO: Vivian anapiga picha na simu yake. Anapiga sasa. Anasema zinaenda. Mama Levi, Jotham ananipigia. Naona jina lake hapa linaingia.

PHELISTA: Mwache apige.

JERONO: Kredo ya simu pia inaniambia imebaki kidogo. Sikia, nije leo? Nibebe katoni nije nilale kwako, asubuhi twende sokoni pamoja?

PHELISTA: Hapana.

JERONO: Nitakuja na gari ya jioni, sitakusum—

PHELISTA: Jerono, hapana. Kwangu usije leo. Leo sina mahali pa kukuweka, na simaanishi kitanda. Kuja kesho. Saa nne, sokoni, mbele ya watu wote. Hiyo katoni beba ikiwa wazi, usiifunike na leso. Wale maafisa wakiuliza nani anasema, mimi nitainua mkono, na wewe utainua wako. Useme ulivyoniambia, na ile ya mikono yako kubandika pia useme, hiyo usiiruke.

JERONO: Sitairuka.

PHELISTA: Watakushika kwa maneno yako. Labda hata polisi watakutaka.

JERONO: Wanitake. Nimechoka kuangalia upande mwingine kwa nyumba yangu mwenyewe.

PHELISTA: Basi ndio hivyo. Ukimaliza kusema, utakuja kwangu. Nitapika.

JERONO: Asante.

PHELISTA: Usinishukuru. Sijakusamehe. Nimesema nitapika.

JERONO: Sawa. Na Barasa... utamwambiaje kuhusu mimi? Utamwambia leo ama—

PHELISTA: Mimi simwambii kitu. Mikono yake inatetemeka, masikio yake ni mazima. Utakaa mbele ya kiti chake, utamwambia wewe.

JERONO: Phelista, mimi si—

[Kredo imeisha. Simu inakatika.]